Deni Lisiloandikwa Daftarini



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya kazi na nyumba. Sisi si wanazuoni. Elimu yetu iliishia sekondari, na iliyobaki tuliipata nyuma ya kaunta. Kwa hiyo tutasema kwa lugha tuliyoizoea, lugha ya hesabu.

Waswahili wanasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumeishika kuliko nyingine zote. Tangu wazee wetu waliposhuka kutoka Kathiawar na Kutch wakafungua maduka hapa Tanga, Pangani, Muheza na Korogwe, daftari limekuwa kitu cha kuheshimiwa. Kila Diwali tunaliweka daftari jipya mbele ya Lakshmi, na katika ukurasa wa kwanza tunaandika maneno mawili: Shubh na Labh. Kwa faida ya majirani zetu, Shubh ni heri, na Labh ni faida. Maneno hayo tumeyaandika mwaka baada ya mwaka kwa mikono yetu wenyewe, wala hatukujiuliza kwa nini heri imetangulia na faida ikafuata.

Vijana hutuuliza kwa nini baba zao walikaa dukani saa 14 kwa siku. Jibu la kweli ni hofu. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Wako wazee wa jumuiya yetu waliolala wakiwa wenye nyumba, wakaamka wakiwa wapangaji. Hatusemi haya kwa kulalamika. Nchi ilikuwa ikitafuta usawa, na jirani zetu wengi hawakuwa na chumba, sembuse jengo. Tunayasema ili ieleweke tulivyolelewa. Familia nyingi zilifunga masanduku zikaenda Uingereza na Kanada. Sisi tuliobaki tulijifunza somo moja: kesho haina dhamana, basi uza leo. Hofu ile ikageuka mazoea, na mazoea yakageuka sifa. Tukawa tunajisifu mbele za watu kwamba duka letu halifungwi.

Tutasimulia jambo moja, nalo si la kujisifu.

Mama yetu mzazi alikaa miaka yake ya mwisho uani, juu ya kitanda cha kamba, nyuma ya duka. Kila mchana alitungoja kwa chakula. Tulipoitwa tulijibu, "Nakuja, Ba," na hatukwenda. Yeye alifunika sahani kwa sahani nyingine, akangoja. Jioni moja, siku chache kabla ya Diwali, alivaa sari safi akaja mpaka kwenye kaunta, akasema, "Dikra, leo twende pamoja kwenye aarti." Mzigo ulikuwa unashushwa, na makuli walikuwa wakingoja ujira wao. Tukamwambia, "Kesho, Ba." Akaenda na mama mmoja jirani yetu, Mdigo wa mtaani kwetu, ambaye alimfikisha mpaka langoni pa hekalu, akamngoja nje, akamrudisha.

Mama yetu alifariki kabla ya Holi. Jirani yule alipokuja kutupa pole, alituambia, "Mwanangu, magharibi alikuwa haoni. Tangu mwezi wa Ramadhani nilikuwa nikimshika mkono."

Ndugu zetu, sisi tulijua bei ya kila robota la khanga lililokuwa stoo. Tulijua ni nani anadaiwa shilingi ngapi, na tangu lini. Lakini kwamba mama yetu haoni jioni, aliyejua ni jirani.

Dini yetu inafundisha kwamba mtu huzaliwa na madeni: deni kwa Mwenyezi Mungu, deni kwa wenye hekima waliotuachia elimu, na deni kwa wazazi na mababu. Mfanyabiashara anapaswa kulielewa fundisho hili kuliko mtu mwingine yeyote. Deni la fedha lina subira. Ukichelewa, unaongezewa riba. Ukibanwa, unaomba muda. Hata mdai akifariki, unawalipa warithi wake. Deni la kukaa na mtu halina riba wala warithi. Mdai akishaondoka, hakuna pa kulilipia.

Madeni ya namna hiyo tunayo mengi. Wake zetu walifanya kazi mbili, ya kaunta na ya jiko, na jina lao halikuandikwa katika daftari lolote. Leo binti zetu na wakwe zetu wanafanya kazi benki, hospitali na shuleni, na bado tunatazamia chapati za moto mezani kana kwamba hawakutoka nyumbani asubuhi.

Watoto wetu nao wanatudai. Mwana wetu wa kwanza yuko Leicester. Tulipomuuliza kwa nini hataki kurudi kushika duka, hakutaja mtaji wala faida. Alisema, "Bapuji, nataka watoto wangu wanijue." Tulikasirika kwa muda wa mwezi mzima. Kisha tukaona kwamba hakututukana. Alitaja tu hesabu iliyokuwa wazi.

Yupo pia mdai ambaye hatumtaji mara kwa mara katika kumbi kama hizi. Mfanyakazi wetu wa miaka mingi alipata mtoto wake wa kwanza siku ya kuhesabu mali. Tulimpa nusu siku, na jioni tukamtuma mtu amwite. Duka letu lisilofungwa lilikuwa wazi kwa saa za nyumba yake pia. Siku hizi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, inataka mapumziko ya saa 24 kila wiki, inampa mama mzazi siku 84 na baba angalau siku 3. Ni aibu kwetu kwamba tulingoja sheria itufundishe jambo ambalo dini ilikwisha kutufundisha.

Wala mapumziko si jambo la kigeni kwetu. Tazameni kalenda ya Kigujarati. Baada ya Diwali huja Bestu Varas, siku ya mwaka mpya, ambapo tunatembeleana na kuwainamia wazee. Siku ya pili ni Bhai Beej, kaka huenda kula kwa dada yake. Siku ya tano ni Labh Pancham, ndipo maduka hufunguliwa. Walioweka utaratibu huo walipenda faida kama sisi, lakini faida ya kwao iliweza kungoja siku tano. Sisi tunamaliza pooja asubuhi, na kufika saa nne tumekwisha kufungua mlango nusu kwa ajili ya mteja wa haraka. Na tangu simu za mkononi zije, hata mlango hauhitajiki; duka linakula nasi na kulala nasi.

Miaka kadhaa iliyopita tuliamua kufunga saa 12 jioni, na Jumapili kutwa. Hatutawadanganya: ilitugharimu. Wateja wanaoshuka kwenye daladala baada ya kazi walihamia kwa wenzetu, na baadhi yao hawakurudi. Nyumbani nako tulikuwa kama mgeni. Tulizunguka vyumbani, hatukujua la kuzungumza mezani. Hali hiyo iliendelea mpaka jioni moja mjukuu wetu alipotuletea madaftari yake ya shule, akashangaa kuona kwamba babu anajua kugawanya bila kikokotoo. Tangu siku hiyo tuna kazi kila jioni.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, tunaomba mambo manne.

Kwanza, kila familia ichague jioni moja katika wiki ije kwenye aarti kwa pamoja, wazee kwa watoto. Viatu tunaviacha mlangoni. Tuziache na simu hapo hapo.

Pili, tufunge maduka yetu mpaka Labh Pancham kama walivyofunga wazee wetu, na ujira wa wafanyakazi kwa siku hizo usikatwe. Vilevile, inapofika Idd, Krismasi na Pasaka, mfanyakazi asilazimike kutuomba siku ambayo ni haki yake.

Tatu, wanaume wa nyumba zetu wajifunze kazi za nyumba. Aliyebeba magunia hashindwi kubeba mtoto.

Nne, na hili ni letu wazee. Mafundisho yetu yamegawa maisha katika ngazi nne: kujifunza, kulea nyumba, kujiweka kando polepole, na kuiacha dunia. Wengi wetu tumepita miaka 60 na bado funguo zinaning'inia kiunoni. Tunawalaumu vijana kwa kwenda ng'ambo, hali waliobaki hapa hatujawahi kuwaachia hata funguo ya kasha. Tuwakabidhi tukiwa hai, tukiwa na nguvu ya kuwashauri wanapouliza, na ya kunyamaza wasipouliza.

Udongo uwahi ungali maji. Katika ukumbi huu wamo wenye mama wanaowangoja uani, na sahani imefunikwa. Kwao hesabu bado iko wazi. Hawahitaji kuuza duka wala kuacha kazi. Wanahitaji kuinuka kwenye kaunta wanapoitwa mara ya kwanza.

Diwali ijayo tutaandika tena maneno yale mawili katika daftari jipya. Tuyaandike polepole, na tuyafuate kwa mpango ule ule yalivyoandikwa: heri kwanza, kisha faida.

Tunawashukuru majirani zetu, hasa wale waliowashika mikono wazee wetu wakati sisi hatukuwapo. Mungu alibariki hekalu letu na mji wetu wa Tanga.

Jai Shri Krishna.