Mguu Unapokufa Ganzi



Abiria aliyebanwa kwenye kiti cha matatu kutoka Nairobi hadi Nakuru hushuka mguu ukiwa umekufa ganzi. Akitembea hatua chache, mguu huamka. Huyo hahitaji daktari. Mazungumzo ya leo yanamhusu yule ambaye ganzi yake haiondoki, au huondoka ikarudi.

Swali la kwanza kliniki huwa: ganzi iko wapi? Ikiwa ni mguu mmoja, ikishuka kutoka kiunoni kupitia tako na nyuma ya paja hadi unyayoni, mara nyingi chanzo ni mgongo: diski kati ya pingili imetokeza ikabana neva. Wapakiaji wa viazi wa Molo na Mau Narok wanaifahamu. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini lumbesa ikibebwa, mgongo ndio hulipa. Wengi hupona bila upasuaji. Ila ganzi ikifika sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka wenyewe, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Ganzi inayoanzia vidoleni mwa miguu yote miwili, ikapanda polepole kama soksi, mara nyingi ni kisukari. Kupima ni tone moja tu la damu. Hii ni ya kuogopwa kwa sababu mguu uliokufa ganzi hauna wa kuutetea. Asubuhi ya baridi kule Kuresoi, mgonjwa husogeza miguu karibu na jiko akaungua asijue. Changarawe huingia kwenye gambuti ikamkwaruza kutwa, naye hujua jioni anapoona damu kwenye soksi. Kidonda kisichouma hupuuzwa, na kwa mwenye kisukari hukawia kupona. Hapo ndipo miguu hukatwa. Akague nyayo zake kila jioni, na maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, si kwa mguu.

Pombe ya miaka mingi na upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi pia. Hata isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huweza kuileta, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Mgonjwa asiache dawa, amweleze mhudumu.

Ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, uso ukipinda au maneno yakikwama, huenda ni kiharusi. Mgonjwa asikandwe, wala asingojee kupambazuke. Akimbizwe hospitali, na anayempeleka aikumbuke saa dalili zilipoanza, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa katika saa chache za mwanzo tu.