Darasa Moja, Njia Nyingi: Salamu za Wanafunzi wa Zamani wa Bukavu

(Hotuba iliyosomwa Kabingo, Siku ya Wakimbizi Duniani, kwa niaba ya wenzetu wa Nakivale na Mbarara)



Siku hii ya 20 Juni ilijulikana kwanza kama Siku ya Wakimbizi wa Afrika. Tangu 2001 Umoja wa Mataifa umeifanya kuwa ya dunia nzima. Kila inapofika tunasikia hesabu kubwa za watu. Leo Kamati imetuomba tutoe hesabu ndogo, ya darasa moja tu, ili vijana wajue masomo yalitufikisha wapi.

Sisi tulisoma katika Chuo cha Ualimu cha Bukavu, ambacho wengi wanakijua kwa jina la ISP, kati ya 2000 na 2003. Tulisomea Kifaransa na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Nchi ilikuwa imegawanyika kwa vita vilivyoanza Agosti 1998. Tulisoma usiku kwa koroboi, kitabu kimoja watu wanane, na wazazi waliuza mbuzi ili tulipe karo. Mwaka wa mwisho tulikuwa 34. Wengi wetu sasa tumevuka umri wa miaka 45.

Miaka miwili iliyopita tulianza kutafutana. Tuliandika majina yote 34 katika daftari, tukaanza kuuliza kwa simu. Hesabu imesimama hivi: wenzetu 6 wamefariki, 5 hatujapata habari zao, 23 tunawasiliana nao. Kati ya hao 23, kuna 7 waliobaki Kongo, 9 tuko Uganda, 3 wako Kenya na Tanzania, na 4 wako ng'ambo. Tunaomba tuwakumbuke kwa kimya kifupi wale 6. Wawili wao walizikwa hapa Nakivale.

Tuanze na kazi. Wale 7 waliobaki Kongo wote ni walimu, na mmoja ni mkuu wa shule ya sekondari. Vita vilipoingia Bukavu Februari 2025 walifunga madarasa, kisha wakayafungua tena. Wanatuambia kwamba siku ya kwanza mwalimu mmoja alifundisha wanafunzi 4, naye hakupunguza hata dakika moja ya somo.

Wa ng'ambo, wawili wako Marekani, mmoja Kanada, mmoja Norway. Yule wa Louisville, Kentucky, anapanga mizigo ghalani usiku na kulala mchana. Yule wa Norway alianza shule upya akiwa na miaka 38, akajifunza lugha yao, na leo anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne anayefundisha. Tunalisema hili kwa sababu vijana wengi hapa hufikiri kwamba aliyepanda ndege amemaliza safari. Wenzetu wanatuambia kwamba huko ndiko walikoanza tena darasa la kwanza.

Kenya na Tanzania, mmoja anatembeza vitenge mitaani Nairobi, mwingine ana duka la dawa na mume wake, wa tatu anafundisha Kifaransa watoto wa matajiri nyumbani kwao.

Sisi 9 wa Uganda tulifika kwa makundi, wengine mwaka 2008, wengine 2012, wengine baadaye. Sita tunaishi Nakivale, watatu Mbarara. Tunalima mahindi na maharagwe kwenye viwanja tulivyopewa. Mmoja anaendesha bodaboda kati ya Base Camp na Juru. Mmoja ni mkalimani. Mmoja anashona nguo. Wawili tu ndio wanaofundisha, na wote wawili ni katika shule za watu binafsi, kwa mshahara ulio chini ya ule wa wenzao.

Kuhusu familia, tunamshukuru Mungu. Wawili kati yetu wamekwisha kuwa bibi na babu. Watoto wetu wanasema Kimashi kwa nyanya yao, Kiswahili nyumbani, Kiingereza shuleni na Kinyankole sokoni. Mama mmoja wa darasa letu, aliyefiwa na mume wake, amesomesha watoto wanne kwa kuuza samaki wa ziwa letu la Nakivale. Wa kwanza sasa anasomea uuguzi. Mwenzetu mwingine alikuwa amekwisha kupimwa na madaktari kwa safari ya kuhamia nchi ya tatu. Aligawa masufuria yake kwa majirani. Mwanzoni mwa 2025 mpango ukasimamishwa. Majirani walimrudishia masufuria yote, na moja lilirudi limejaa maharagwe. Sasa amelima tena.

Ndugu zetu, neno letu kubwa ni hili. Mwaka 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari, na Kiswahili kikawa somo la lazima katika madarasa mawili ya kwanza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kufundishwa katika shule za msingi na sekondari. Mwezi huo huo Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walimu wa somo hilo bado ni wachache. Na hapa, ndani ya makazi haya, wako watu waliosomea kazi hiyo hiyo miaka mitatu, na vyeti vyao vimefungwa katika mfuko wa plastiki juu ya dari ili mvua isivifikie.

Sheria haitukatazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, kifungu cha 29, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake iwapo vyeti vyake vimetambuliwa. Desemba 2017, huko Djibouti, nchi za IGAD, Uganda ikiwa mojawapo, ziliahidi kurahisisha utambuzi huo. Kazi iliyobaki ni ya karatasi. Cheti cha Kifaransa kitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayekubalika, kipelekwe Kampala katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, kisha mwalimu aandikishwe. Kila hatua ina ada na nauli. Mtu anayeishi kwa gunia la mahindi hawezi kuzilipa peke yake. Na aliyekimbia usiku bila karatasi yoyote ana mlima mrefu zaidi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Kamati ifungue daftari la watu wenye ujuzi katika kila kijiji: walimu, wauguzi, mafundi. Msaidizi anayetafuta mwalimu asiseme hajui aliko.

2. Mashirika yatusaidie kutafsiri vyeti kwa pamoja. Vyeti ishirini vikipelekwa kwa safari moja, gharama ya kila mtu itapungua.

3. Vijana wasiache shule kwa sababu wameona mwalimu wao analima. Aliyesoma akilima hajapoteza alichosoma. Siku mlango ukifunguliwa ataingia akiwa na kitu mkononi.

Nasi hatukuja mikono mitupu. Wenzetu wa ng'ambo na wa Mbarara wamekubali kuchanga kila mwezi. Mchango wa kwanza utalipia vyeti vya watu watatu, na wawili kati yao hawakuwa wa darasa letu. Na kila Jumamosi alasiri, chini ya mwembe karibu na kanisa, tunafundisha Kiswahili cha kusoma na kuandika bila malipo. Wasomali na Waethiopia wanakuja. Wafanyakazi wa mashirika nao wanakaribishwa.

Wazee walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kama kuna anayewajua wale watano tusiowapata, atuambie, hata kama habari ni za huzuni. Majina yao yako kwa Katibu wa Kamati.