Simu Inahesabu Hatua, Lakini Haihesabu Mzigo

(Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware. Tunaichapa kwa sababu vikundi vingine pia vimeanza kutumia simu kuhesabu hatua.)



Nimeombwa niseme juu ya hizi programu za simu zinazohesabu hatua. Nitaanza na kosa letu wenyewe.

Katika kikundi chetu, watu watatu walipimwa wakapatikana na presha. Kliniki wakashauriwa watembee zaidi. Sisi tukasema, basi tutembee sote. Vijana wakatuwekea programu kwenye simu, na kila jioni kila mtu akawa anatuma hesabu yake kwenye WhatsApp ya kikundi. Mwanzoni ilikuwa furaha kweli. Watu waliacha matatu wakatembea pamoja. Majirani wawili waliokuwa hawasalimiani walianza kuongea njiani.

Halafu mashindano yakaingia. Wa kwanza alipigiwa makofi, wa mwisho alichekwa. Na wa mwisho, karibu kila siku, alikuwa mama mmoja wa Kawangware anayefua nguo katika nyumba za watu huko Lavington. Simu yake ilionyesha hatua mia tisa, siku nyingine mia saba. Mmoja wetu akaandika, "Mama, kwani wewe unalala tu?" Tukacheka sote. Wiki iliyofuata hakuja kwenye chama. Wiki ya pili pia hakuja, ingawa zamu yake ya kupokea pesa ilikuwa imekaribia.

Nikamwendea nyumbani. Kumbe simu ni moja katika nyumba ile, na mchana anamwachia binti yake. Mama mwenyewe anakwenda Lavington kwa miguu, anainama kwenye karai siku nzima, anapanda ngazi na ndoo za maji, kisha anarudi kwa miguu. Akaniambia, "Dada, mimi nimechoka kutembea. Tena nichekwe kwamba sitembei?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, tuielewe hii simu. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachosikia mtikisiko. Ukitembea nayo mfukoni, inahesabu. Ukiiacha mezani, haihesabu kitu. Ndoo kichwani haioni, wala mtoto mgongoni. Haijui kama uliamka saa kumi usiku.

Na hii hesabu ya hatua elfu kumi ilitoka wapi? Haikuanza kwa daktari. Mwaka 1965, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua, na jina lake lilikuwa na maana ya "kipima hatua elfu kumi". Lilikuwa jina zuri la biashara, likaenea. Mwaka 2019 watafiti huko Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wanawake wazee. Waliona kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kidogo zaidi yao. Faida iliongezeka mpaka kama 7,500, kisha ikatulia. Kwa hiyo mwenye hatua elfu tano asijione ameshindwa.

Tena tukumbuke sisi ni nani. Kijana anayetoka Laini Saba kwenda Industrial Area kutafuta kibarua, na kurudi, amepita hatua elfu kumi kabla ya chakula cha jioni. Hatembei kwa mazoezi. Anatembea kwa sababu hana nauli. Mtu kama huyo anahitaji kula vizuri, kupumzika na kupimwa presha. Lakini fundi cherehani anayekaa kitini mchana kutwa, na mzee asiyetoka nyumbani, hao kutembea kutawafaa sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kiasi kwa wiki. Hiyo ni nusu saa, siku tano.

Kuna jambo lingine. Programu nyingine huchora ramani ya njia yako. Mwezi wa Novemba 2017, kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia ya njia za watu waliotumia programu yake. Januari 2018 watu wakagundua kwamba ramani hiyo inaonyesha hata kambi za wanajeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia humo. Ikiwa askari walijulikana hivyo, je, wewe unayetoka mlangoni kila siku saa kumi na moja alfajiri? Katika programu yako, chagua njia zako zisionekane na wengine. Na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inakupa haki ya kuuliza habari zako zinatumiwaje.

Sisi tulifanya nini? Tuliacha kutuma hesabu kwenye WhatsApp. Anayetaka kuhesabu anajihesabia mwenyewe, ajilinganishe na jana yake, si na jirani. Tunatembea pamoja Jumamosi, na anayeenda polepole ndiye anatangulia. Presha tunapima kila mwezi, na kila mtu anatunza kadi yake.

Na yule mama? Tulikwenda watu wanne kumwomba radhi, pamoja na yule aliyeandika. Alinyamaza kitambo, kisha akatupa chai. Amerudi kwenye chama na zamu yake ameipata. Jumamosi haji kutembea. Anasema siku hiyo ni ya kupumzisha miguu, na hakuna anayemcheka.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kikundi chetu, ni nani kazi yake haionekani kwenye hesabu zetu?
2. Je, kuna mwenzetu aliyeacha kuja kwa sababu ya aibu? Nani atamwendea?
3. Nani anahitaji kutembea zaidi, na nani anahitaji kupumzika?