Mgonjwa Naye Ana Haki: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kufika Hospitalini

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kuhusu haki za wagonjwa, yaliyotayarishwa kwa ajili ya mabaraza ya wananchi na vikao vya afya ya jamii.



Wakazi wengi bado huiita hospitali kuu ya Nakuru kwa jina lake la zamani, PGH. Leo ni hospitali ya rufaa na mafunzo ya kaunti, na haiwahudumii watu wa Nakuru peke yao. Wagonjwa hutumwa huko kutoka Baringo, Nyandarua, Narok na kwingineko. Katika kaunti hii pekee, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 2,162,202. Basi si ajabu foleni kuwa ndefu. Aliyeamka alfajiri Kuresoi au Subukia akapanda matatu hadi mjini anaweza kumwona aliyefika baada yake akiingizwa kwanza, naye akadhani kuna upendeleo.

Katika idara ya dharura, wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao. Mtoto anayeshindwa kupumua hutangulia mbele ya mwenye kidonda cha wiki mbili, hata kama mwenye kidonda alifika mapema. Huo ndio utaratibu wa hospitali popote duniani. Hata hivyo, anayengoja anastahili kuelezwa utaratibu huo. Mtu akijua sababu, huvumilia. Asipoambiwa lolote, hata saa moja humwia ndefu, na akirudi nyumbani huwaonya majirani wasiende huko. Jirani mja mzito aliyeonywa hivyo huenda akakawia nyumbani uchungu unapomshika, na hapo maisha mawili huwa hatarini.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya iwezekanavyo. Kifungu hicho kinasema pia kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wakazi wanakumbuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipopasuka huko Solai na maji yakasomba nyumba na watu zaidi ya 40 wakafariki. Aliyeopolewa matopeni usiku kama ule hana kitambulisho wala pesa mfukoni. Ni kwa ajili ya mtu kama huyo sheria inataka matibabu yatangulie, mambo ya malipo yafuate baadaye. Kama kituo hakina uwezo, wajibu wake ni kumtuliza mgonjwa na kupanga apelekwe penye uwezo.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imefafanua mengine. Mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, na faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa. Kama ni mama mzee anayesikia Kikalenjin au Kikuyu tu, atafutwe wa kumtafsiria. Akubali kabla ya kufanyiwa upasuaji. Siri zake zitunzwe. Ugonjwa wake usitangazwe kwa sauti mbele ya foleni. Hakuna aibu kumuuliza daktari: dawa hii ni ya nini, na nirudi lini?

Kwamba haki hizi si maneno matupu, mahakama imethibitisha. Mwaka 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, akafokewa na kupigwa na wauguzi waliopaswa kumsaidia. Kisa chake kilirekodiwa kwa video, naye akaenda mahakamani. Mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kuwa haki na utu wake vilivunjwa, ikaamuru aombwe radhi na alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Serikali ya kaunti ilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Hukumu hiyo ni funzo kwa kila kaunti, Nakuru ikiwemo, kwa kuwa hospitali za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti.

Kuhusu bili, mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa. Mahakama ilisema kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Deni hubaki deni, lakini wodi si korokoro. Njia ya kuepuka shida hiyo ni kujisajili mapema na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili unafanyika kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#. Asiyejua kutumia simu amwombe mhudumu wa afya ya jamii amsaidie.

Mgonjwa akitendewa vibaya afanye nini? Aandike tarehe, saa, wodi na jina la mhudumu ikiwa analijua. Aanze kwa muuguzi msimamizi wa wodi. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa msimamizi mkuu wa hospitali, kisha kwa idara ya afya ya kaunti. Kama jambo linahusu daktari, liko Baraza la Madaktari, KMPDC. Sheria inataka mlalamishi ajibiwe kwa maandishi katika muda wa miezi mitatu. Basi abaki na nakala ya barua yake. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu wa nyumbani. Na aliyehudumiwa vizuri pia aseme, kwa maana muuguzi aliyekesha na wagonjwa naye anahitaji kusikia ahsante.

Sheria hiyo hiyo imempa mgonjwa wajibu. Aseme ukweli kuhusu maradhi yake na dawa alizotumia, zikiwemo za kienyeji. Awaheshimu wahudumu, asiwatukane wala kuwapiga. Homa na kikohozi cha kawaida vianzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili hospitali kuu ibaki na nafasi ya walio katika hali mbaya.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hospitali nayo ni vivyo hivyo: kasoro isiyosemwa haitibiwi, na atakayeumia ni mgonjwa wa kesho. Kila mkazi anayetoka wodini na neno la kusema, jema au baya, alifikishe panapohusika.