Bei ya Maji: Jani, Ukame na Mkonge wa Tanga



Ukame tumezoea kuupima kwa kutazama mawingu. Jioni hii nawaomba tuupime kwa kutazama jani.

Ngozi ya jani ina nta isiyopitisha maji kwa urahisi. Njia iliyobaki ni stomata, vitundu visivyoonekana bila hadubini, kila kimoja kati ya seli linzi mbili. Potasiamu ikiingia katika seli hizo, maji huifuata. Seli hutuna, hupinda, na kitundu hufunguka. Udongo ukikauka, asidi ya absisiki huziamuru zinywee, nacho hufunga.

Taabu ni kwamba kitundu hichohicho huingiza hewa ukaa na kutoa mvuke. Katika kila molekuli milioni moja za hewa ya nje, za hewa ukaa ni kama 420 tu, ilhali ndani ya jani hewa imejaa unyevu. Ndiyo maana mharage hupoteza mamia ya molekuli za maji kwa kila molekuli moja ya hewa ukaa unayoipata. Ukifunga, njaa, ukifungua, kiu.

Mahindi na mtama hupunguza bei hiyo kwa kulimbikiza hewa ukaa ndani ya jani, hata vitundu vikifunguka kidogo. Mkonge, uliotoka Meksiko na kuletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, umekwenda mbali zaidi. Hufungua usiku, hewa ikiwa imepoa, na kuhifadhi ulichopata kama asidi ya maliki. Mchana hufunga, ukatengeneza sukari kwa akiba hiyo. Dalili za mbinu hii ziliwahi kutambuliwa kwa ulimi: barua ya Benjamin Heyne kutoka India, iliyochapishwa mwaka 1815, ilieleza mmea ambao majani yake ni machachu asubuhi, na adhuhuri hayana ladha.

Lakini akiba ya usiku mmoja ina kikomo. Mkonge hukua polepole, na mkulima husubiri miaka kadhaa kabla ya kukata jani la kwanza.

Kwa hiyo tusiseme zao fulani “linastahimili ukame” kana kwamba ustahimilivu ni wa bure. Tuulize linafunga lini, na likifunga tunakosa mavuno kiasi gani. Mahali ambapo mvua hukatika katikati ya msimu kisha ikarudi, mbegu ya maharage inayofunga mapema inafaa: itasubiri, na itazaa. Mahali ambapo mvua ikikatika hairudi, kufunga ni kuchelewesha kifo tu. Huko mkulima apewe mbegu inayokomaa haraka. Afisa ugani asiyetofautisha ukame huu na ule atagawa mbegu njema mahali pasipoifaa.