Utulivu wa Kiongozi Wakati wa Msimu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wenyeviti, makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, Shinyanga)



Nimezoea kusimama mbele yenu na daftari mkononi, nikiuliza stakabadhi ziko wapi. Leo sikuleta daftari. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo halina safu yake katika hesabu zetu, nalo ni hali ya moyo wa kiongozi wakati wa ununuzi.

Sote tunaijua hali hiyo. Ghala limejaa, dereva wa lori la kiwanda cha kuchambulia pamba amekwisha washa injini, wakulima wamepanga foleni tangu alfajiri, mmoja amechanganya mchanga katika pamba yake naye anaapa kwamba ni safi, simu inalia, na fedha hazijafika. Kwa wenzetu wa Geita na Kahama walio katika vyama vya akiba na mikopo, msimu hauna mwezi wake. Ikisikika tu kwamba dhahabu imeonekana mahali, kesho yake wanachama wamejaa mlangoni, kila mmoja akitaka mkopo wa kuingia kwenye duara kabla jua halijatua.

Katika saa kama hizo ndipo hutendeka makosa mengi ninayoyakuta vitabuni. Watu husema ni wizi. Wizi upo, siukatai. Lakini hata Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 iliona pia uhaba wa watumishi wenye ujuzi, na mimi, kwa niliyoyaona, naongeza la tatu: haraka ya mtu aliyezingirwa.

Nitatoa mfano wa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja, ambacho sitakitaja. Kilikuwa chama cha nne juma lile, na usiku uliotangulia nilikuwa nimelala saa chache. Nikaona upungufu wa kilo 1,800 za pamba. Palepale, mbele ya wanachama waliokuwa wakingoja malipo, nikamtaka karani aeleze pamba ilikokwenda. Alitetemeka, asijibu. Nami nikauchukua mtetemeko ule kuwa ushahidi.

Usiku, nilipotulia, nikakumbuka jambo ambalo kila mwanafunzi wa uwekaji hesabu hufundishwa: tofauti inayogawanyika kwa tisa bila baki huenda imetokana na tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Gawanya 1,800 kwa tisa, unapata 200. Asubuhi nikapekua stakabadhi moja moja. Kilo 6,830 zilikuwa zimeandikwa 8,630. Haikupotea hata kilo moja. Nilirudi kumwomba radhi hadharani, lakini waliosikia radhi walikuwa wachache kuliko waliosikia tuhuma, na karani yule aliacha kazi kabla msimu haujaisha. Kanuni ya tisa niliijua tangu shuleni. Siku ile moyo wangu ulikuwa na kelele mno, nisiweze kuisikia.

Ndugu viongozi, siku hizi yako mafunzo ya kuutuliza moyo kwa kuweka fikira zote juu ya jambo lililo mbele yako, ukianzia na pumzi yako mwenyewe. Asili yake ni ya kale, katika dini ya Kibuddha huko Asia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyageuza kuwa mafunzo yasiyo na masharti ya dini, kwa wagonjwa waliosumbuliwa na maumivu ya muda mrefu na msongo wa mawazo.

Msidhani, hata hivyo, kwamba ni mambo ya kigeni. Ushirika wetu wa pamba ulianzia kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, walichoka kupunjwa, wakaweka wapimaji wao kando ya mizani ya wanunuzi. Kazi hiyo ilizaa vyama, na mwaka 1955 vyama vikazaa shirikisho la Victoria. Sasa fikirini kazi ya mpimaji yule: kusimama kutwa juani, asibabaishwe na maneno ya mnunuzi, asisome uzito mpaka mshale umetua. Mizani ya kisasa yenye tarakimu nayo hurukaruka kwanza. Anayeandika kabla haijatulia anaandika uongo, hata kama ni mwaminifu. Na wazee wetu wa Kisukuma waliokaa jioni penye moto wa shikome hawakuamua shauri zito wakiwa wamesimama.

Basi mimi hufanya hivi, nanyi mwaweza kujaribu. Kabla ya kufungua ofisi nakaa kimya kwa dakika tano, simu ikiwa ndani ya mtoto wa meza, nikifuata pumzi ikiingia na kutoka. Fikira zikikimbilia lori, nazirudisha bila kujigombeza. Mwanzoni niliona aibu, nikafunga dirisha. Tena, sitii sahihi nikiwa nimesimama, wala sijibu tuhuma kabla ya kuisoma tarakimu kwa sauti.

Naomba msinielewe vibaya. Pumzi haileti fedha ambazo hazimo sandukuni. Malipo yakichelewa, waiteni wanachama mwaambie ukweli siku hiyohiyo; hilo ni deni lenu kwao, na utulivu utawasaidia tu kulisema bila kufoka wala kudanganya. Pia bodi isimwachie mtu mmoja mizani, funguo na vitabu, kisha ikashangaa akianguka. Na kiongozi anayekesha majuma mazima, asiyeweza kula, aende hospitali kama anavyokwenda mwenye malaria.

Nitakuwapo hapa hadi saa kumi. Mwenye hesabu ya msimu uliopita isiyokubali kulingana ailete, tuketi, tuanze kwa kugawanya ile tofauti kwa tisa.