Mkopo wa Nyumba na Mlango wa Benki

Ndugu wanachama, sisi wa reli tukaao nyumba za kazi twajua: siku ya kustaafu, ufunguo hurudishwa. Kwa hiyo twadai mikopo ya nyumba. Lakini tujifunze kwa askari wa Marekani.

Mwaka 1944 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia watokao vitani. Serikali iliwadhamini, benki ndizo zilizokopesha. Hapo ndipo shida ilipoingia. Katika miji 13 ya Mississippi, mwaka 1947, ilitolewa mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba. Miwili tu ilipewa askari weusi. Vita walipigana wote.

Basi ndugu, tusiulize tu nani atadhamini. Tuulize pia nani atakata shauri, na chama chetu kiwepo hapo. Umoja ni nguvu.